Zamu ya Twiga

Juzi bowza, lori la maji, lilikuja kujaza tangi la ploti yetu hapa Garissa mjini, na majirani wakaanza kelele. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na yalinuka tope. Jirani mmoja alisema hayo si maji ya binadamu, mwingine akampigia simu mwenye bowza akamtolea maneno ambayo sitayaandika. Mimi nilichota kikombe kimoja nikanusa. Harufu ile naijua. Ni tope la chini kabisa ya silanga, lililokaa kiangazi kizima likichacha pamoja na majani na samadi ya mbuzi, na niliinusa mara ya kwanza nikiwa bado na meno ya utoto. Nilisimama pale na kikombe changu mpaka binti yangu akaniuliza kama naumwa.

Siumwi. Nina hasira, tena hasira ya zamani, na harufu ile iliiamsha. Siku chache kabla ya hapo tulikuwa kwenye harusi ya ndugu, tumezunguka sinia la wali na nyama ya ngamia, na binamu yangu Abdi, ambaye sasa ni mtu wa ofisi Nairobi, akanionyesha kwa kidole mbele ya watu. "Huyu ndiye aliyenywesha twiga maji ya watu wakati wa ukame," alisema. "Muulizeni mbuzi wa mama yake walikwenda wapi." Watu walicheka. Mimi nami nilicheka, maana harusini hakugombaniwi, lakini nilirudi nyumbani nimevimba. Basi wewe wa rika langu uliyekulia huku kwetu, uliyewahi kupanga foleni na mtungi wa njano mpaka vidole vikafa ganzi, leo nisikilize mimi badala ya Abdi. Ndiyo, niliwanywesha. Sijutii hata tone moja.

Kwetu ni kituo kidogo upande wa Ijara. Palikuwa na msikiti, shule, safu ya maduka ya mabati, na silanga. Wageni wakiniuliza silanga ni kitu gani, huwaambia ni shimo kubwa lililochimbwa na trekta ya serikali ili likinge maji ya mvua. Trekta iliondoka, tope likabaki letu. Mvua ikinyesha silanga hujaa, watoto huogelea na kupigwa kwa kuogelea, na kila mtu humpenda jirani yake. Kiangazi kikikaza hubaki dimbwi katikati, na hapo ndipo watu hujuana tabia.

Mwalimu Komora aliletwa shuleni kwetu kutoka upande wa mtoni. Alikuwa Mpokomo, mtu wa migomba na miembe, na nadhani siku aliyofika alituhurumia kwa kukosa kivuli. Hakutuhurumia kwa muda mrefu. Kabla muhula haujaisha alikuwa ameanzisha kitu alichokiita Klabu ya Viumbe, na kila Jumamosi tukitoka dugsi, yaani madrasa, tulimfuata porini tukiwa na viatu vya plastiki na hijabu zilizonaswa na kila mwiba uliopo duniani. Tuliangalia nyayo, tuliangalia mavi, tulikaa kimya chini ya vichaka tukisubiri dikidiki atoke. Sheria ilikuwa moja tu, asirushe mtu jiwe. Kila mnyama tulimjua kwa majina matatu, la Kisomali, la Kiswahili na la Kipokomo, na la Kisomali tulimfundisha sisi.

Watu wazima hawakutuelewa hata kidogo. Hooyo, ndivyo tunavyomwita mama, aliniuliza, "Klabu gani hii isiyo na mpira?" Wengine walisema Mwalimu anatafuta madini, watoto ni kisingizio. Baba mmoja alimtoa binti yake kwa sababu alisikia tunasoma mavi ya fisi, na hakutuma mtoto shuleni kwa ajili hiyo. Halafu ikaja siku ya wazazi. Klabu ilisawazisha mchanga uwanjani, tukachora nyayo za wanyama kwa vidole, na wageni wakaombwa kuzitambua. Wazee walikuja wakicheka, kwamba sisi vifaranga tunataka kuwafundisha wao nyayo. Muda si mrefu walikuwa wamepiga magoti na kanzu zao nyeupe, wanabishana kwa makelele kama ule ni wayo wa fisi au wa mbwa mkubwa, na mmoja akamwambia mwenzake kwamba mtu asiyetofautisha hivyo viwili ndiyo maana ng'ombe wake wameisha. Sherehe ya shule ilisimama kwa sababu yao. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyetuuliza habari za mpira.

Kazi nyingine ya klabu ilikuwa kung'oa mathenge. Unaujua mti huo. Uliletwa kuzuia jangwa, ukaamua kumzuia kila mtu. Ulikuwa unazingira silanga, unakunywa maji yetu mchana na usiku, na mbuzi waliokula matunda yake waling'oka meno. Sisi tulikuwa tunang'oa miche ikiwa bado na mizizi laini, baada ya mvua, mikono imefungwa vitambaa. Mwalimu alisema silanga ni ya viumbe wote, kwa hiyo inawahusu wana klabu. Na ilipofika siku ya kuzoa tope, alituambia klabu nzima tushuke shimoni na watu wetu.

Kuzoa tope ni jambo la kila mwaka. Kabla ya mvua, silanga ikiwa imekauka karibu yote, kila familia hushuka na majembe na makarai na kutoa tope lililojaa chini, ili maji mapya yapate nafasi. Ni kazi ya punda. Mimi nilibeba karai la kupikia lililotoboka, nikawa nachuruzika tope mgongoni, na bega moja likachubuka mpaka nyama ikaonekana. Sikulia, kwa sababu watoto wengine wa klabu walikuwa wananiangalia. Mwisho wa kazi Mzee Dekow, aliyesimamia maji, mwenye ndevu alizozitia hina zikawa nyekundu, alisimama ukingoni akatangaza kama anavyotangaza kila mwaka: "Kila aliyebeba tope ana zamu ya maji. Ambaye hakubeba asituletee mifugo yake."

Watu wazima walijua maana yake. Zamu ni ya familia, na mwenye zamu ni mwenye mifugo. Mimi nilisikia alivyosema. Nilikuwa sijui bado kwamba watu wazima husema "kila" wakiwa na maana ya "baadhi". Nilirudi nyumbani nikiwa na bega linalowaka na zamu yangu mwenyewe, na mvua zote zile fupi nilitembea na zamu hiyo kifuani kama tajiri wa ngamia. Shida yangu ilikuwa kwamba sikuwa na mnyama. Mbuzi walikuwa wa Hooyo, ng'ombe walikuwa wa baba. Nilimwahidi Mwalimu Komora kwamba zamu yangu ikifika nitanywesha kuku wake. Alinishukuru bila kucheka, na kwa hilo nilimpenda sana.

Mvua zilizofuata hazikuja. Baba aliondoka na ng'ombe wetu pamoja na wanaume wengine kuelekea msitu wa Boni, na Hooyo akabaki na mbuzi na sisi. Mwezi baada ya mwezi ardhi ilikuwa nyeupe. Migunga iliangusha majani, na matawi yaliyobaki na kijani wachungaji waliyakata wakawapa mbuzi. Hapo ndipo twiga walipoanza kuja. Mwalimu alikuwa ametueleza kwamba twiga hupata maji yake kwenye majani, na anaweza kukaa siku nyingi bila kunywa. Lakini majani yalikuwa yameliwa na mbuzi wetu. Tulikuwa tumekula chakula chao na maji yao kwa mkupuo mmoja, na hata mimi mtoto niliona hivyo.

Wakati wa kiangazi silanga huzungushiwa ua wa miiba wenye mlango mmoja. Watu huingia na mitungi, huchota, na kumimina kwenye mahori ya bati yaliyo nje, ili mnyama yeyote asikanyage ndani. Dume mmoja wa twiga alivunja ua. Aliingia mpaka katikati, miguu ikazama kwenye tope, na asubuhi tulimkuta amekufa, shingo imelala juu ya maji. Wanaume walimvuta kwa kamba na lori siku nzima. Baada ya hapo maji yalinuka, na akina mama waliyachuja kwa kitambaa mara mbili na bado watoto waliharisha. Ua uliongezwa ukawa mnene mara dufu. Watu walikuwa na haki ya kukasirika. Sijawahi kusema hawakuwa nayo.

Kisha akaja jike na mtoto wake. Sisi wana klabu ndio tuliowaona kwanza, ng'ambo ya silanga, wamesimama kwenye miti iliyokufa wakiangalia maji juu ya ua. Ndilo tatizo la kuwa mrefu, maji unayaona. Mtoto alikuwa mdogo, magoti yake makubwa kuliko mapaja, na mbavu zake ungeweza kuzipitishia kidole. Walisimama hivyo kuanzia alasiri mpaka tukaitwa nyumbani. Nilimuuliza Mwalimu kwa nini hawalii kama mbuzi. Akasema twiga ni nadra sana kutoa sauti. Nilivyoelewa mimi, twiga hawezi kuomba, na jambo hilo liliniuma kupita kiasi, kwa sababu kwetu maji huombwa.

Nieleze hapo, maana ndipo penye kiini. Kwenye silanga yetu mtu akiishiwa kabla ya zamu yake kufika, humwendea mwenye zamu ya siku hiyo mbele ya watu akasema: "Naomba. Nipe katika zamu yako." Ukiombwa hivyo huwezi kukataa, labda uhame. Lakini lazima aombe. Anayejichotea bila kuomba ameiba, na jina hilo halimtoki hata akienda Maka.

Mwalimu Komora aliwaendea wazee siku ya kupanga zamu. Watu wote walikuwepo mlangoni mwa ua, na mifugo nyuma yao ikilia. Alizungumza nao Kiswahili, na kwa heshima yake walimjibu Kiswahili.

"Wazee wangu," alisema, "mkiwafungia kabisa watavunja tena, watafia humu ndani, na maji yatanuka tena. Huyu jike na mtoto wake wapewe kidogo, nje."

Mzee Dekow alimsikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu, sisi nakuheshimu sana," akasema. "Wewe nafundisha watoto yetu fizuri, wallahi. Lakini hii maji iko na zamu. Kila mnyama nakunywa hapa, iko na mtu yake, na hiyo mtu nabeba tobe. Sasa hii geri iko na nani?"

Geri ndiye twiga. Kabla Mwalimu hajajibu, akaingilia Bishar. Huyu ni adeer yangu, kaka mkubwa wa baba, na ndiye baba yake huyo Abdi wa harusini. Hakwenda Boni, alibaki na ng'ombe wachache wa maziwa na sauti kubwa. "Geri ni ya serikali!" alisema. "Serikali ilete maji yake!"

Watu walimshangilia, na kusema kweli lilikuwa neno zuri. Mwalimu alikuwa mgeni, hakuwa na mbuzi hata mmoja, alikuwa na kuku tu. Nilimwona akiangalia chini na nikaona jike na mtoto wake wanakufa pale pale, kwenye viatu vya Mwalimu. Nikasikia sauti yangu inasema, kwa Kisomali:

"Mimi nina zamu."

Hooyo alinifinya mkono. Niliuvuta. "Nilibeba tope," nikamwambia Mzee Dekow. "Ulisimama pale ukasema kila aliyebeba tope ana zamu. Yangu sijaitumia. Nawapa twiga."

Kicheko kilichofuata sijakisahau. Adeer Bishar alicheka mpaka akashika kiuno. Lakini Mzee Dekow hakucheka. Alizishika ndevu zake nyekundu. "Nilisema hivyo?" aliuliza.

"Ulisema!" Klabu nzima ilijibu, wavulana na wasichana, kwa sauti ya kujibu darasani.

Mzee alikuwa amebanwa, nami naijua leo sababu yake. Neno la maji halina kujikunja. Akisema leo kwamba "kila" haikuwa "kila", kesho kutwa mwenye ng'ombe wengi atasema naye hakumaanisha alichosema. Alifikiri, kisha akatoa hukumu, na haikuwa ya kitoto. "Mtoto ana zamu," alisema. "Lakini maji hayaongezeki. Zamu yake iko ndani ya zamu ya mama yake. Ikitoka, inatoka kwa mbuzi wa mama yake. Kwa hiyo si mimi wa kuulizwa, ni yeye."

Watu waligeuka wakamwangalia Hooyo. Nami nilimwangalia, na kwa mara ya kwanza niliogopa. Nilikuwa sijawafikiria mbuzi. Nilidhani zamu ni kitu changu, kama jino. Hooyo alikuwa mwembamba kiangazi kile, shuka limemzunguka mara nyingi kuliko zamani, na nilijua akikataa atakuwa hakukosea.

"Alibeba tope mpaka bega likatoka ngozi," akasema hatimaye. Hakuwa ananiangalia mimi, alikuwa anamwangalia Bishar. "Nyote mlimwona. Hakuna aliyemwambia weka chini, wewe ni mtoto. Siku ya tope alikuwa mtu, leo siku ya maji amekuwa mtoto? Mpeni."

Njiani kurudi nyumbani alinichamba kuanzia silanga mpaka mlangoni. Aliniambia nimemvua nguo mbele ya watu, na kwamba mbuzi wakifa nitakamuliwa mimi. Hakurudisha neno lake, lakini alihakikisha nimelisikia.

Na kuhusu mbuzi, Abdi, kwa kuwa uliuliza: walikufa, ndiyo, karibu wote, na wa baba yako walikufa vilevile, na wa watu ambao hawakuwahi kumpa twiga hata mate. Tulipowapasua tulikuta tumboni maboksi na karatasi za sukari. Hapakuwa na nyasi. Mbuzi wetu walikufa kwa njaa, na kila mtu mzima aliyekuwa pale anajua hivyo, lakini ni rahisi kumlaumu msichana kuliko kulilaumu wingu. Nimebebeshwa mbuzi hao miaka yote hii. Leo nawatua.

Siku ya zamu yetu ilifika. Wana klabu tulichota kwa mitungi, tukapokezana kwenye mlango wa ua, na kujaza hori moja tuliloliburura hadi karibu na ile miti iliyokufa. Halafu tukakaa mbali kidogo kusubiri, na hawakuja. Waliona watu wengi, waliona mbwa, wakabaki nyuma. Jua lilipanda. Maji yalikuwa yamekaa tu kwenye bati, na nadhani hakuna kitu kinachomuumiza mtu wa kwetu kama maji yaliyokaa tu. Wanawake walipita na mitungi wakiyaangalia na kutikisa kichwa.

Adeer Bishar akaja na ndama wake. Hakusalimia. Alimswaga ndama moja kwa moja kuelekea hori, akasema hewani, si kwa mtu, kwamba maji yanakauka bure na geri hawapo.

Nilikimbia nikasimama mbele ya hori. "Hiyo si zamu yako, adeer."

"Naa, wewe! Toka hapo."

"Omba," nikasema.

Sijui nilitoa wapi neno lile. Yeye alikuwa kaka wa baba yangu, mtu ambaye nilikuwa nambusu mkono. Mwalimu Komora alinifuata akaniinamia, akaniita kwa jina langu, akaninong'oneza, "Nimo, mwache, ndama ana kiu, usigombane na wakubwa." Nilimwambia Mwalimu hapana. Nilimpenda kuliko walimu wote, na nilimwambia hapana, kwa sababu alikuwa hajaelewa. Ndama alikuwa amekunywa siku iliyotangulia kwenye zamu yake halali. Suala halikuwa ndama. Adeer akinywesha pale bila kuomba, atakuwa amesema kwamba lile hori halina mwenyewe, na kesho kila mtu atakuja na mnyama wake, na mtoto wa twiga atasimama ng'ambo akiyaangalia maji mpaka aanguke. Haya yote sikuweza kuyasema. Nilichoweza ni kusimama.

Niliona kwamba Adeer angeweza kuninyanyua kwa mkono mmoja na kuniweka kando. Lakini watu walikuwa wanaangalia, na kuomba maji kwa msichana asiyefika kiunoni mwake, tena kwa niaba ya mnyama wa porini, lilikuwa jambo lisilomezeka. Alimgeuza ndama. Aliniita shetani mdogo, akamwambia Mwalimu kwamba klabu yake inawafundisha watoto kuwatukana watu, na akaenda zake. Sisi nasi tulirudi nyuma sana, tukalala kifudifudi vumbini, mbwa wakafukuzwa.

Walikuja baada ya sala ya alasiri. Jike alitangulia, akasimama, akaangalia kila upande, akasogea. Kisha akaitanua miguu ya mbele, polepole, mmoja huku mmoja kule, akashusha ile shingo yote mpaka kwenye bati. Tulisikia maji yakipanda kooni. Mtoto hakujua kujitanua vizuri, alijaribu, akajikwaa, akajaribu tena, mwisho akapiga magoti yake makubwa na kunywa. Wavulana wa klabu, wale wakorofi kabisa, walikuwa wanalia. Mimi sikulia. Nilikuwa najisikia mrefu.

Waliendelea kuja kila zamu yetu, na hawakugusa ua tena. Watu waliliona hilo ingawa hawakulisema. Waliniita Nimo Geri, wakidhani ni tusi. Adeer Bishar alipita mbali nami kila tulipokutana, na nyumbani kwake tukaacha kualikwa chai. Hooyo alisema chai yake haikuwa na sukari hata hivyo.

Kiangazi kilipofika pabaya kabisa, dimbwi likiwa limebaki la rangi ya matope, ilikuwa zamu yetu tena. Tulikuwa tumeshajaza hori, tena si kwa kulijaza, ni nusu tu. Wanawake walikuwa kwenye mlango wa ua, Mzee Dekow alikuwa amekaa kwenye mkeka wake wa kusalia, na Hooyo alikuwa anakung'uta mitungi. Nikamwona Adeer Bishar anakuja. Hakuwa na fimbo. Alikuwa anamwongoza ng'ombe mmoja tu, yule mweupe wake anayeitwa Adey, aliyekuwa amezaa na asiyeweza kwenda bila kushikiliwa. Ng'ombe alikuwa amekwisha. Macho yalikuwa yamerudi ndani.

Alisimama kabla ya kufika kwenye hori. Kila mtu aliacha alichokuwa anafanya. Adeer alikohoa, akarekebisha shuka lake, na akasema kwa sauti ambayo hata wa mlangoni waliisikia:

"Nimo, binti wa ndugu yangu. Naomba. Nipe katika zamu ya geri."

Hakusema zamu yako. Mzee Dekow aliinua kichwa. Nilimwangalia Hooyo, nikamwangalia Mwalimu, na hakuna aliyenisaidia. Nilitaka kumkataa. Sitadanganya, nilitaka sana, nilikuwa na jina la shetani bado masikioni. Lakini alikuwa ameomba.

"Chukua, adeer," nikasema.

Adey alikunywa bila kupumua. Maji yalishuka kwenye bati, tukaona mstari wa unyevu unavyobaki juu. Adeer Bishar aliyaangalia maji, kisha akaangalia ng'ambo, kwenye miti iliyokufa, ambako vichwa viwili, kimoja kikubwa na kimoja kidogo, vilikuwa vinasubiri. Akashika kamba. Akamvuta ng'ombe wake shingo kwa nguvu, akiwa bado anataka kunywa, akamtoa kwenye hori.

"Basi," alimwambia. "Yaliyobaki si yetu."